Kidole Gumba cha Ambakisye

Mita tisini za waya wa manjano,
tulizinunua kwa mafungu pale Sido, Mbeya,
tukaziunga mahali patatu kwa risasi na gundi,
na kila kiungo Ambakisye anakijua kwa kidole gumba
kama mtu anavyoijua ngazi mbovu ya nyumba yake gizani.
Mwisho wa waya yuko Kambale:
mabomba ya plastiki, mota nne, kamera moja na taa.

Ambakisye ndiye mshika waya.
Mimi nakaa chini ya mwavuli, skrini magotini,
mvua ya Tukuyu ikiandika juu yake upuuzi wake,
natazama kijani, halafu kahawia, halafu weusi,
na kabla sijaona kitu yeye ameshasema:
"Amegusa." Au: "Anasitasita."
Au, siku moja ya Machi,
"Amekamatwa, Tusubilege, usimvute,"
na kweli alikuwa ndani ya matawi ya mti
uliozama Kisiba lini hatujui,
mti usio na jani, lakini bado unashika.

Saa sita tulikaa tukimtoa.
Watoto wanaotuuliza kila siku
kama tumeziona fedha za Mjerumani
walichoka, wakaenda kula.
Usiku ule nikasema: waya huu
ndio unaomlisha, na ndio utakaomwua.

Kwa hiyo nikaanza kumfundisha kuachwa.

Kwanza nilimpa woga: betri ikibaki theluthi, geuka.
Kisha woga wa pili, wa matope,
maana akizungusha pangaboi karibu na sakafu
anajitimulia wingu, anapotea ndani yake
(sijui nani kati yetu hajawahi).
Nikampa mlio unaotoka na kurudi
ahesabu muda kati ya wito na mwitikio
ajue ukuta uko umbali gani.
Nikampa dira. Mota zikaidanganya.
Nikampa nyingine, juu ya kijiti, mbali na mota,
kama pembe ya konokono.
Mistari elfu nne ya kama, na basi, na la sivyo.
Samaki mkunje angali mbichi, walituambia.
Hawakutuambia, ukishamkunja,
mkono unauachia lini.

Nilichoshindwa kuandika ni kile kidole gumba.
Nilimwuliza: unajuaje anasita, hajasimama tu?
Akafikiri mpaka chai ikapoa.
"Kusimama kuna uzito. Kusita kuna pumzi."
Nikarudi chumbani kwangu Iyunga na maneno hayo.
Jaribu wewe kuyageuza namba.

Jumanne, ukungu haujapanda, tukachomoa waya.
Tundu tuliliziba kwa mpira na grisi.
Dakika arobaini, tulimwandikia: zunguka, pima kina, rudi.
Akashuka bila mkia.

Dakika ya kumi, skrini nyeusi.
Ya thelathini, Ambakisye kasimama ukingoni,
mikono mbele, viganja juu,
kidole gumba kikisugua kile cha shahada
polepole, kikipitisha waya usiokuwepo.
Sikumwambia anafanya nini.
Arobaini.
Arobaini na moja.
Arobaini na tatu nikaanza kutafuta kosa langu kichwani:
ni koma? ni alama ya kutoa?
Arobaini na saba, ng'ambo, penye matete,
taa yake ikapasua maji.

Watoto wakauliza habari za fedha.
Safari hii tukawajibu: muulizeni mwenyewe.

Kumbukumbu zake nilizisoma usiku.
Dakika ya ishirini na sita, mita ishirini na mbili chini,
alikutana na kitu kisichokuwa kwenye ramani yangu.
Hakukigonga. Alirudi nyuma kidogo,
akaita, akasikiliza, akaita.
Dakika saba, betri ikishuka.
Kisha akashika kushoto.
Kwa nini kushoto naweza kueleza:
namba moja iliizidi nyingine kwa sehemu ya mia.
Zile dakika saba nilimsomea Ambakisye kwenye simu,
namba kwa namba.
Alinyamaza. Nikasikia gunia likiburutwa;
alikuwa anaukunja ule waya, hajautupa.
"Ndiyo," akasema. "Hapo alikuwa anasita."